Sikio Lililokesha: Mwongozo Kamili kwa Fundi Mitambo wa Studio

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, kwenye chumba cha uani cha nyumba ya kupanga huko Sinza, Dar es Salaam, niliongeza trebo (zile sauti za juu, kali) kwenye sauti ya msanii mmoja. Bado nikaisikia imefifia, nikaongeza tena. Nikatoa faili, nikalituma WhatsApp, nikalala palepale kwenye kochi la studio na viatu vyangu miguuni. Saa nne asubuhi simu ikaita. Msanii alikuwa ndani ya daladala, kamwomba konda achomeke simu kwenye redio ya gari. "Prodyuza, nimeisikiliza na abiria hapa. Kila nikitamka 's' kama dagaa wanakaangwa."

Mchana nilipofungua projekti, yaani faili la kazi la wimbo huo kwenye kompyuta, nilikuta nimepandisha masafa ya kilohezi 8, ndiyo hiyo trebo, kwa desibeli 9 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Desibeli tisa! Nilikuwa macho kwa muda wa saa 23, na spika zilikuwa zikilia kwa nguvu tangu magharibi. Sauti ya msanii ilikuwa nzima. Kilichofifia ni sikio langu.

Siwezi kukuambia uache kurekodi usiku, maana najua utacheka. Mchana mtaani kuna honi za bodaboda, fundi wa kuchomelea, muuza maji na kipaza sauti, na watoto wanaotoka shule. Umeme nao ukikatika saa nane mchana unarudi saa mbili usiku. Wasanii wengi wana kazi nyingine mchana, na wale wasio nayo wanaamka saa sita. Usiku ndiyo saa ya kazi yetu. Ninachopinga ni ule mtindo wa usiku kufuatwa na mchana, mchana ukafuatwa na usiku mwingine, na fundi akasifiwa kwa hilo kana kwamba kukesha ni kipaji.

Ufundi huu haukuzaliwa hivyo. Katika studio za kampuni ya rekodi ya EMI jijini London mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi iligawanywa vipindi vya saa tatu tatu, na mapumziko katikati. Albamu ya kwanza ya The Beatles, sehemu yake kubwa ilirekodiwa siku moja, tarehe 11 Februari 1963, kwa vipindi vitatu vilivyoanza saa nne asubuhi na kumalizika kabla ya saa tano usiku. Bendi hiyohiyo ilipopata nguvu ya kukaa studio hadi alfajiri, mafundi ndio waliolipa. Mwezi Julai 1968 Geoff Emerick, aliyekuwa fundi wao mkuu, aliacha katikati ya albamu akaondoka, akiwa amechoshwa na mivutano ya studioni. Kwetu pia bendi za dansi zilizokwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga wimbo mzima kwa pamoja, na fundi alikuwa mwajiriwa mwenye zamu. Kompyuta ndiyo iliyoondoa zamu. Projekti haiishi kamwe, kwa hiyo na siku haiishi.

Hatua ya kwanza: andika saa zako kwa wiki mbili

Chukua daftari la kawaida, usitumie simu. Kila siku andika mambo matano: umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi, umeingia studio saa ngapi, umetoka saa ngapi, na kazi ngapi umelazimika kuzirudia kwa sababu ulizikosea mwenyewe. Hilo la tano ndilo litakaloumiza.

Kuna sababu ya kuandika badala ya kujisikilizia. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu walilazwa saa 6 tu kwa siku 14 mfululizo. Kufikia mwisho, umakini wao ulikuwa umeshuka karibu na wa mtu aliyekesha hadi usiku mbili nzima. Wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Yaani mtu aliyepungukiwa usingizi ni shahidi mbovu wa hali yake, kama mlevi anayekuambia yuko sawa, mpe funguo. Mfano wa mlevi si wa kwangu: utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa 1997 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifikisha saa 24 ni kama asilimia 0.10.

Mwisho wa wiki mbili jumlisha. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kwa siku. Ukikuta wastani wako ni 5, una deni la saa 14 kila wiki, na kulala Jumapili nzima hakulilipi lote. Jumlisha na saa za kazi pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yuko kwenye hatari ya kiharusi kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kubwa kwa asilimia 17. Mafundi ninaowajua wanafikisha 55 kabla ya Ijumaa.

Hatua ya pili: acha kuuza wimbo, uza muda

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo usingizi unapoibiwa. Kahawa, simu na kelele za jirani zina sehemu yao, lakini mwizi mkubwa ni bei.

Wengi wetu tunatoza kwa ngoma. Msanii analipa, halafu muda ni wake mpaka aridhike. Chukua mfano wa ngoma niliyowahi kutoza shilingi 150,000. Biti, ule muziki unaoimbiwa juu yake, ilinichukua saa 6. Kurekodi saa 7, kwa sababu msanii alikuja na marafiki wanne na beti ya pili ilikuwa haijaandikwa. Kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote pamoja, saa 5. Marekebisho, yale ya "kaka, ongeza kidogo besi" na "mshikaji wangu anasema sauti iko nyuma", saa 7. Jumla saa 25, yaani shilingi 6,000 kwa saa, kabla ya umeme, kodi na bando. Ili nipate hela ya maana nilihitaji ngoma nne kwa wiki. Saa 100. Hesabu yenyewe ilikuwa imeshanikataza kulala kabla msanii yeyote hajagonga mlango.

Badilisha hivi. Gawa siku katika vipindi vya saa nne. Kipindi kimoja kina bei moja, na kinaanza saa mliyokubaliana, siyo saa msanii aliyofika. Nusu ya bei ilipwe kabla, kwa simu, ndipo jina liandikwe kwenye ratiba. Biti iwe na bei yake, kurekodi bei yake, kumiksi bei yake. Marekebisho mara mbili yawe ndani ya bei. La tatu linalipiwa. Tena marekebisho yaletwe yote kwa pamoja katika ujumbe mmoja, na mtu mmoja ndiye aseme kwa niaba ya kundi. Bila sharti hili utapokea maoni ya meneja, ya dada yake, na ya shabiki wa Mwanza, kila mmoja saa yake.

Utaogopa kwamba wateja watakimbia. Baadhi watakimbia kweli. Nilipobadilisha, katika mwezi wa kwanza walipungua, na waliobaki walianza kuja na mashairi yameandikwa. Msanii anayejua saa zinahesabiwa anafanya mazoezi nyumbani.

Ujumbe wa kuwatumia wateja wa zamani uwe mfupi na wa heshima. Wangu ulikuwa huu: "Habari za leo kaka. Kuanzia mwezi ujao studio itakuwa na vipindi vya saa nne, mchana na jioni. Wewe ni mteja wetu wa siku nyingi, kwa hiyo kazi tuliyoianza tutaimaliza kwa utaratibu wa zamani. Kwa kazi mpya nitakutumia bei. Ahsante sana kwa kutuamini." Kwa mama wa taarabu au mzee wa kwaya, piga simu, anza na shikamoo, ueleze kwa mdomo. Mtu mzima akitumiwa masharti kwa WhatsApp anaona umemkosea adabu, na hatakuambia, atahama tu.

Halafu kuna yule rafiki. "Mwanangu, ni adlibu mbili tu." Adlibu (vile vijineno vya kudakizia wimbo) mbili za saa sita usiku zinaisha saa tisa. Mjibu hivi: "Mwanangu, kesho saa tano asubuhi nakupa nusu saa bure." Unampa zawadi yenye saa yake, na mara nyingi haji.

Hatua ya tatu: panga wiki kwa aina ya kazi

Kazi za studio hazili akili kwa kiasi kimoja. Kurekodi kunavumilia uchovu kiasi, maana msanii yupo na anakuamsha. Kumiksi hakuvumilii. Kumasta, ule umaliziaji wa mwisho wa wimbo, ndiyo kabisa. Kwa hiyo kurekodi kuwe jioni, labda saa kumi na moja hadi saa tano usiku na mapumziko ya chakula katikati. Kumiksi kuwe asubuhi ya kesho yake, ukishalala, hata kama mtaa una kelele; spika zako zina sauti ya kutosha na maiki imezimwa. Watu hufanya kinyume, wanarekodi mchana katikati ya honi kisha wanamiksi alfajiri.

Weka siku moja ya wiki ambayo studio imefungwa kwa kufuli. Jumatatu inafaa, maana msanii wa klabu naye amechoka.

Angalia pia msimu. Kaswida hujaa kabla ya Ramadhani na ndani yake, kwaya hujaa kuelekea Pasaka na Krismasi. Mwezi wa Ramadhani saa za mwili zinageuka zenyewe: futari, tarawehe, ndipo watu waje studio, na ukifika daku bado mko kwenye kiitikio. Mwezi huo punguza vipindi viwe kimoja kwa usiku, ulale baada ya alfajiri hadi saa tano, na ujiwekee kausingizi kengine kabla ya futari. Aliyefunga na kukesha kisha akaingia kumiksi mchana, namwombea.

Hatua ya nne: rekebisha chumba kinachokulaza

Studio zetu nyingi ni chumba kimoja, madirisha yamezibwa kwa godoro, ukutani trei za mayai, feni imezimwa kwa sababu maiki inaisikia. (Trei za mayai hazizuii sauti kutoka wala kuingia, zinapunguza mwangwi wa juu kidogo tu, na zinashika moto haraka. Toa.) Watu watano wakipumua humo kwa muda wa saa mbili, hewa inakuwa nzito, joto linapanda, na kichwa kinaanza kuuma. Mnasema mmechoka. Sehemu ya uchovu huo ni hewa chafu.

Dawa yake haina gharama. Kila baada ya teki (mara za kurekodi) tatu au nne, fungua mlango na dirisha dakika tano, washa feni. Marafiki wa msanii wakae nje kwenye benchi. Kompyuta kuu iwekwe nje ya chumba cha kurekodia, refusha waya, maana ile feni yake ndogo nayo maiki inaisikia. Weka taa ya kawaida nyeupe wakati wa kazi. Zile taa za bluu na zambarau ni nzuri kwa video, ila macho yanachoka kusoma skrini gizani. Ikikaribia saa ya kufunga, geuza: taa hafifu ya njano, mwanga wa skrini chini, ili mwili uanze kuelewa kwamba usiku umeingia.

Hatua ya tano: pima sauti unayosikiliza

Pakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Ya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, ni ya bure kwa wenye iPhone. Keti mahali pako, shika simu usawa wa sikio, cheza ngoma kama unavyofanya siku zote, usidanganye.

Kipimo cha taasisi hiyo ni kwamba desibeli 85 ni salama kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Desibeli 88 ni saa 4. 91 ni saa 2. 94 ni saa 1. Ukifika 100, na studio nyingi za mtaani zinafika wakati msanii anataka "kuisikia kama klabu", umebaki na dakika 15 kwa siku nzima.

Kinachotokea ndani ya sikio ndicho kilichotokea Sinza. Nyuzi ndogo za sikio la ndani zikipigwa kwa nguvu muda mrefu zinazimia kwa muda, na zinazoanza kuzimia ni zile za sauti za juu. Trebo inapotea bila wewe kujua. Unaongeza trebo. Kisha unaona ngoma haina nguvu, unaongeza sauti ya spika, nyuzi zinazidi kuchoka. Huwezi kutoka kwenye mzunguko huo kwa juhudi, unatoka kwa kimya. Nafuu huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku mbili, na nyuzi zilizokufa kabisa hazioti tena.

Kwa chumba kidogo, miksi kwa desibeli 70 hadi 78. Tafuta kiwango chako, weka alama kwa kipande cha plasta kwenye kitufe cha sauti, urudi hapo kila mara. Alama hiyo ina kazi nyingine: tangu Fletcher na Munson walipochapisha vipimo vyao mwaka 1933 tunajua kwamba sikio hulisikia besi kwa namna tofauti kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Mwenye kubadilisha sauti ya spika kila dakika kumi anamiksi ngoma kumi tofauti. Sauti ya klabu mpe msanii mara mbili, dakika moja moja, mwisho wa kipindi. Kila dakika 50 za kusikiliza, 10 za kimya, na kimya maana yake usivae hedifoni kuangalia video.

Hatua ya sita: sheria za baada ya saa sita usiku

Hizi nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito na kuzibandika juu ya skrini. Kila moja ina kisa chake nyuma.

Usifute chochote. Sauti, treki (mstari wa sauti moja ndani ya projekti), projekti, hata kama una uhakika haina kazi. Kwenye studio moja niliyofanya kazi, saa tisa usiku nilifuta teki "mbovu" za mwimbaji ambaye alfajiri ile alikuwa anasafiri kwenda Muscat. Teki nzuri zilikuwa ndiyo hizo. Badala ya kufuta, zihamishie kwenye folda uliyoipa jina "Kesho".

Usihifadhi juu ya faili la zamani. Kila ukianza kipindi, hifadhi kwa jina jipya lenye tarehe. Kabla ya kuzima, nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine mtandaoni bando likiruhusu.

Usimasta. Usitume faili lolote kwa mteja, wala kwa redio. Toa faili, liache, lisikilize asubuhi kwenye simu na kwenye spika mbovu ya jikoni, ndipo utume.

Usikubaliane bei wala kupokea kazi mpya. Usimjibu meneja aliyekukasirisha.

Unaloweza kufanya saa hizo, kama ni lazima uwe macho, ni kazi za mkono: kuzipa treki majina, kupanga rangi, kukata kelele kati ya mistari (kukata kwa kuficha, siyo kwa kufuta), kunakili mafaili, kukunja waya. Dalili ya kwamba hata hizo uache ni pale unaporudia kusikiliza sehemu ileile mara tatu na hukumbuki ulikuwa unatafuta nini. Macho yakifumba sekunde mbili tatu bila ruhusa yako, umeshalala, ila mwili haujakujulisha.

Hatua ya saba: kahawa, na kausingizi

Kahawa ni nzuri, na yule mzee wa birika na vikombe vidogo anayepita na kashata ni sehemu ya studio kama maiki. Ila jua hesabu yake. Kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu mwilini. Ukinywa saa nne usiku, saa tisa usiku nusu bado imo, na usingizi utakaoupata utakuwa mwepesi. Kwa hiyo kahawa ya mwisho iwe muda wa saa 6 kabla ya kulala kwako. Makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu yana kafeini hiyohiyo pamoja na sukari nyingi. Mawili matatu kwa usiku yanafanya moyo upige mbio na mkono utetemeke kwenye kipanya.

Kausingizi kafupi kana nguvu kuliko kopo. Weka kengele dakika 20. Usizidishe hadi dakika 40 au 60, maana utaamshwa kwenye usingizi mzito na utakuwa zezeta kwa nusu saa. Ama dakika 20, ama saa moja na nusu kamili. Ukitaka kupata vyote, kunywa kikombe cha kahawa kisha ulale papo hapo: kafeini inaanza kufanya kazi karibu na wakati kengele inapolia.

Hatua ya nane: kurudi nyumbani na kulala mchana

Usiendeshe. Kama una pikipiki, iache studio. Kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri mwili unakuwa kwenye shimo la usingizi hata kama ulilala mchana, na barabara za Dar saa hizo ziko wazi kiasi cha kukupa mwendo mbaya. Gharama ya usafiri wa kipindi cha usiku iingie kwenye bei ya msanii. Kama studio ina kochi la maana na chandarua, lala hapo mpaka kupambazuke.

Kulala mchana kwenye nyumba ya kupanga ni ufundi peke yake. Redio ya jirani, watoto, mama ntilie anayepiga chapati ukutani kwako. Zungumza na wapangaji wenzako, waeleze kwamba kazi yako ni kama ya mlinzi. Watu wanamwelewa mlinzi, fundi wa muziki wanamwona mtu wa starehe. Dirishani weka kitenge kizito mara mbili. Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa maduka ya dawa, vinasaidia. Feni iwashe, siyo kwa upepo tu: mvumo wake unafunika kelele ndogo. Ukitoka studio jua limechomoza, vaa miwani ya jua, kwa sababu mwanga wa asubuhi unaiambia akili kwamba siku imeanza.

Na hili la mwisho kwa wanaobadilisha saa kila siku: chagua saa nne ambazo lazima uwe umelala kila siku, bila kujali ratiba. Mimi ni kuanzia saa kumi usiku hadi saa mbili asubuhi. Saa tatu nyingine zinaweza kukaa mbele au nyuma yake. Mwili ukishika nguzo moja hauyumbi sana.

Hatua ya tisa: kama una wafanyakazi, au wewe ni dogo wa studio

Kila studio ina dogo. Anafungua, anafagia, ananunua chakula, anakaa mpaka wa mwisho atoke, na analipwa "anajifunza". Kama ameajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inamhusu: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku sita, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne na zilipwe mara moja na nusu, apate saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya siku na siku, na saa 24 kila wiki. Akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo ana haki ya mapumziko ya saa moja. Usiku, kwa sheria hiyo, ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na una nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa.

Mkiwa wawili, gawaneni zamu na muachiane karatasi: wimbo gani, teki ipi imechaguliwa, maiki gani, nini kimebaki. Mistari mitano inatosha, na hakuna tena haja ya kumpigia mwenzako saa nane usiku kuuliza projekti iko wapi.

Lini uende hospitali

Mlio masikioni usioisha baada ya siku mbili: nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Sikio moja likiziba ghafla bila maji wala nta, nenda siku hiyohiyo. Tiba ya hali hiyo inategemea kuwahi. Kukosa usingizi siku tatu au zaidi za wiki kwa miezi mitatu, hata unapopata nafasi ya kulala, ni ugonjwa wenye tiba. Na kama mwenzio chumbani anakuambia unakoroma, unakata pumzi, kisha unashtuka, usicheke naye. Usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa kukisia.

Usiku mmoja usioepukika

Utakuja tu. Video imepangwa Ijumaa, msanii anaruka kesho, au kwaya ya watu thelathini imekodi basi kutoka Morogoro na haiwezi kurudi. Basi ufanye hivi. Jana yake lala saa 9, siyo 7. Mchana wa siku yenyewe lala kwa muda wa saa moja na nusu. Kula wali kidogo, maji mengi, ugali mzito uache. Kahawa anza saa tatu usiku, nusu kikombe kila baada ya saa mbili, ya mwisho saa saba. Sauti ya spika irudi kwenye plasta. Saa tisa, lile shimo likifika, toka nje utembee mpaka kona na kurudi, kisha lala dakika 20 huku dogo akinakili mafaili. Ukimaliza, andika kwenye karatasi kila kitu unachotaka kurekebisha, usikiguse. Mwambie msanii: "Kaka, faili utalipata saa kumi jioni." Panda usafiri wa kulipiwa, miwani usoni, kitenge dirishani, feni, simu uizime kabisa. Meseji zake kumi na nne za "vipi, imeiva?" utazikuta saa tisa alasiri, ukiwa umeshakunywa chai.